Pigo Lenye Jina Refu

Ukifika Asubuhini, nchi yangu, usicheke mpaka uone wenyeji wanacheka, na ukiona wenyeji wanacheka, tazama kwanza kama kuna askari karibu. Nakwambia kwa mapenzi tu. Dada yangu Sikitu, msusi, alicheka wakati wa taarifa ya habari. Tena hakucheka, aliguna tu, pale Rais aliposema mvua imenyesha kutokana na juhudi za serikali. Mteja aliyekuwa chini ya mikono yake, nywele nusu zimesukwa nusu bado, akainuka akaenda kituoni kumsemea. Jioni ile ile dada yangu akavishwa pembe.

Pembe ni za mpira, usiogope. Huvishwa kila aliyepandishwa cheo kuwa shetani, na mashetani ndio wanaoilisha nchi yetu. Wengine wana mafuta, wengine wana dhahabu, sisi tuna Mchezo. Huenda hata wewe umeucheza. Mtu wa nchi ya mbali anakaa kwenye kochi lake, anashika kidude chenye vitufe, anabonyeza, na kwenye runinga yake shujaa wetu mwenye upanga anamkata shetani kichwa. Watu wa mbali hudhani zile ni picha zilizochorwa kwa kompyuta. Wanaisifu sana damu yetu. Wanasema hakuna taifa linalojua kuchora damu kama Asubuhini.

Sisi hatuchori. Wizara ya Mapigo ilijaribu kuchora hapo mwanzo, ikaona kompyuta ni ghali na zinakula umeme, ilhali watu wapo, tena wengi, tena wengine wanaguna. Kwa hiyo Mchezo huchezwa kweli, kila Jumamosi, katika Uwanja wa Taifa, mbele ya kamera. Mtu akibonyeza kitufe kule kwake, kengele inalia huku kwetu, na shujaa anakata. Wakibonyeza wengi, kengele inalia kwa fujo zaidi. Ni jambo rahisi kabisa, sijui kwa nini nchi nyingine hazijaiga.

Kazi yangu mimi ni kutangaza zamu. Nakaa kwenye kibanda cha vioo juu ya uwanja, nina kipaza sauti, nina kikombe cha chai. Shetani mmoja akianguka, nasema, "Anayefuata," kisha natamka jina lake na la baba yake, na huyo anatoka kwenye foleni.

*

Najua unachotaka kuuliza. Mashetani wamejaa uwanja mzima, shujaa ni mmoja, kwa nini wasimvamie wote kwa pamoja? Swali hilo kwetu haliulizwi. Ni kama kuuliza kwa nini watu hawaingii msikitini na viatu. Tuna Sheria ya Zamu: hakuna shetani atakayeshambulia kabla aliyemtangulia hajafa. Anayesubiri atembee polepole kumzunguka shujaa, atikise silaha yake, angurume kidogo, basi. Zamu yake ikifika anainama kwa heshima, anashambulia, anakatwa. Anayeruka zamu, ukoo wake wote unavishwa pembe. Watoto wetu hufundishwa zamu kabla ya kuhesabu, na jeshi letu lote limefunzwa vita kwa kutazama Mchezo, maana serikali haikuona sababu ya kulipia mafunzo mara mbili.

Shujaa wetu alikuwa Mzee Shomvi. Alikuwa na nywele ndefu nyeupe zilizofungwa kisogoni, magoti yaliyolia akichuchumaa, na upanga aliokabidhiwa akiwa kijana. Kwa desturi ya Mchezo, shujaa akitaka kupiga lazima kwanza alitaje pigo lake kwa sauti, na shetani lazima asubiri jina limalizike. Zamani majina yalikuwa mafupi. Pigo la Radi. Pigo la Nyuki. Unasikia jina na kichwa kimeshafika majanini.

Lakini kadiri miaka ilivyokwenda majina ya Mzee Shomvi yakaota mikia. Siku aliyokatwa mwalimu Kibwe, aliyefungwa kwa kuchora ramani yenye nchi jirani, mzee aliinua upanga akatangaza, "Pigo la Bibi Aliyesahau Ufunguo Akarudi Nyumbani Akakuta Mbuzi wa Jirani Amekula Mkeka Naye Jirani Akakana Kuwa na Mbuzi." Kati ya Bibi na Mbuzi alipumzika kukohoa. Kibwe alisubiri ameinama, na katika muda huo alipata kumtafuta mkewe kwa macho kule majukwaani, akamwona, akampungia mkono. Kisha upanga ukapita begani mpaka kwenye mbavu, damu ikaruka mpaka kwenye lenzi ya kamera, na kule mbali watu wakapiga makofi.

Sasa elewa jambo moja. Mchezo hufungwa jua linapogusa mlingoti wa bendera. Ambao hawajafikiwa hurudishwa seli, wakaishi mpaka Jumamosi nyingine. Jina likirefuka, mtu mmoja hafikiwi. Sikitu alikuwa nyuma kabisa ya foleni, na kila Jumamosi nilipokuwa nakunywa chai yangu nilikuwa naomba, Mungu anisamehe, mzee akohoe zaidi.

*

Malalamiko yakaanza kuja. Wanunuzi wa mbali waliandika kwamba kati ya kubonyeza na kukata mtu anaweza kuchemsha yai. Wengine walisema wamechemsha na wamelila. Mauzo yakashuka, Ikulu ikanuna, na Waziri wa Mapigo, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Jenerali Mstaafu Mwinyikondo, akalihutubia taifa akiwa amevaa magwanda juu ya suti.

Alisema Mchezo ni uti wa mgongo wa taifa, na kwamba uti huo unahitaji kunyooshwa na mtu asiyetujua, kwa sababu anayetujua atatuonea huruma. Alisema yeye mwenyewe atakwenda Magharibi kutafuta mtaalamu. Aliondoka na ujumbe mzito wa shangazi zake, wakakaa huko msimu mzima wa mvua, wakarudi na masanduku mengi na Bwana Brandeli.

Bwana Brandeli alikuwa mwenye Studio ya Machweo. Ndevu zake zilichanwa vizuri, raba zake nyeupe, na kikombe chake cha kahawa kilikuwa na ukubwa wa ndoo ya kuogea mtoto. Kwao Machweo, tukaambiwa, hawabuni michezo. Huchukua ya wenzao iliyochoka, wakaifufua. Mkataba ulimruhusu kubadilisha kila kitu isipokuwa pembe, kwa kuwa pembe zilikwisha kununuliwa kwa jumla.

Kikao cha kwanza kilikuwa ukumbi wa Wizara, na mimi nilikuwepo kama mtaalamu wa zamu. Bwana Brandeli alimuuliza Mzee Shomvi kwa Kiswahili chake cha kukodi kwa nini huwa anakata mashetani.

"Ni Jumamosi," akajibu mzee.

Bwana Brandeli alilifikiria jibu hilo akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akatufafanulia kwamba mnunuzi wa siku hizi hataki shujaa anayekata tu. Anataka shujaa mwenye kidonda moyoni. Shujaa awe kijana, nywele fupi, atukane kidogo, achoke na maisha. Kuinama kufutwe, kunapoteza muda. Majina ya mapigo yafutwe, hakuna mtu anayepigana huku anasoma hadithi. Na hii Zamu, akasema huku akicheka peke yake, hii ndiyo aibu kubwa kuliko zote, haina uhalisia hata chembe. Mashetani wote washambulie kwa pamoja.

Kwetu hilo lilikuwa kosa la kuvishwa pembe ukoo mzima. Lakini mkataba ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi mbele ya kamera, na Asubuhini hakuna kitu kinachoogopwa kama kuonekana mshamba mbele ya mgeni. Mheshimiwa akasema yeye binafsi amekuwa akiliwazia jambo hilo kwa miaka. Siku ile ile akatoa Amri ya Kusimamisha Zamu kwa Muda, kwa mashetani peke yao. Kwa raia na kwa jeshi zamu ikabaki palepale.

"Na kidonda cha moyoni?" akauliza Mheshimiwa, anayependa kukamilisha mambo.

"Baba yake auawe," akasema Bwana Brandeli. "Mwanzoni kabisa, mbele ya macho yake. Lazima awepo baba."

Wote tukageuka tukamtazama Mzee Shomvi, aliyekuwa akijikanda goti.

*

Shujaa mpya alikuwa Jabu, mpwa wa Mheshimiwa, kijana aliyekuwa amesomea hoteli nje ya nchi na kurudi bila hoteli wala cheti. Walimnyoa, wakampaka masizi chini ya macho, wakamwambia afikirie jambo la kuhuzunisha. Alifikiri sana. La kuhuzunisha kuliko yote maishani mwake lilikuwa siku simu yake ilipotumbukia chooni. Bwana Brandeli akasema inatosha kwa kuanzia.

Jabu alijifunza upanga kwa mbuzi, na kwa kweli alikuwa na kipaji. Alipomaliza mbuzi wa Wizara, shetani mmoja alipita na ndoo ya maji, Jabu akamkata mkono kutoka kwenye kiwiko, bila kutaja pigo, bila kuinama, hata jina lake hakulijua. Ndoo ikaanguka na mkono ukiwa bado umeshika mshikio. Mtu yule alikaa chini akautazama mkono wake kwa mshangao, kisha akamwuliza Jabu kwa adabu kama zamu yake imetangazwa. Jabu akamalizia shingo. Bwana Brandeli aliomba tukio lile lirudiwe kwa sababu kamera haikuwa tayari, tukalazimika kumweleza kwamba kwetu halirudiwi. Hapo ndipo niliona uso wake umebadilika kidogo. Aliuliza kwa sauti ya chini kama wote huwa ni watu wa kweli. Mheshimiwa akamwambia ndiyo, tangu enzi na enzi, na akamwongezea kahawa. Bwana Brandeli aliinywa yote, akasema kumbe ndiyo maana damu yenu ni nzuri. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Kazi kubwa ilikuwa kuwafundisha mashetani. Aliwapanga duara kumzunguka gogo la mti akawaamuru walivamie kwa pamoja. Wakatazamana. "Tangulia wewe, ndugu yangu," akasema mmoja. "La hasha, wewe ulikamatwa kabla yangu," akasema mwenzake. Baada ya muda kidogo walikuwa wamejipanga foleni nadhifu inayolizunguka gogo, wa nyuma akimshika bega wa mbele. Bwana Brandeli aling'oa ndevu zake. Siku iliyofuata wakafanya hivyo hivyo, isipokuwa wakongwe walipewa nafasi ya mbele.

Aliyelielewa somo alikuwa dada yangu. Aliomba ruhusa, akawakalisha wenzake chini akawaambia kwamba jambo hili wameliona kila siku vichwani mwa wake zao. Unywele mmoja unaukata kwa vidole, lakini msuko unaweza kumburuza mtu. Akawagawa makundi matatu kama anavyogawa nywele: wa kushoto wapite juu, wa kulia wapite chini, wa katikati wavutwe ndani. "Juu, chini, katikati," akawa anahesabu huku anapiga makofi, na wao wakaenda, mara ya kwanza kwa kukanyagana, mara ya pili vizuri, na mara ya tatu gogo lilichanika vipande. Walisimama wakihema, wakaitazama mikono yao. Bwana Brandeli alifurahi mpaka akamvua msaidizi wake kofia akampa Sikitu. Kwa sababu ya pembe haikumkaa.

Nilipewa dakika chache za kumwona seli, kwa heshima ya cheo changu. Nilimpelekea karanga. Alizila kwa kuzichambua maganda moja moja, kama alivyokuwa akifanya tangu utoto.

"Kaka," akaniambia, "siku hiyo hakuna zamu. Wewe utatangaza nini?"

Nilimwambia nitakaa kimya.

"Hujawahi," akasema, na akaendelea na karanga zake. Nilitoka pale nikijiambia siogopi. Wapi. Nilikuwa naogopa. Kwa Mchezo mpya hakuna nyuma ya foleni. Jabu akianza, dada yangu atakuwa mbele sawa na wengine wote, na sikuwa na chochote cha kumkinga nacho zaidi ya kipaza sauti.

*

Jumamosi ya uzinduzi uwanja ulifurika. Ulimwengu mzima ulikuwa umekaa kwenye makochi. Mheshimiwa alihutubia kwa muda mrefu akasema leo tunamzika baba ili mtoto azaliwe, akashangiliwa na shangazi zake. Bwana Brandeli alikuwa juu ya winchi na kamera yake kubwa.

Mzee Shomvi alitolewa amevaa kanzu ya Baba. Upanga wake walikuwa wamempa Jabu, yeye wakamkabidhi fimbo. Mashetani wakamzunguka kwa makundi yao matatu. Sikitu alikuwa mbele, na kwa kuwa mzee alifungwa kinasa sauti kifuani, uwanja mzima ulisikia alichomwambia.

"Nilikuwa narefusha, mwanangu."

"Tulijua, baba," akasema dada yangu. "Ndiyo maana tulikuwa tunainama."

Bwana Brandeli akapaza sauti waanze. Kengele ikalia, watu wa mbali walikuwa wameanza kubonyeza. Mashetani hawakusogea. Kengele ikalia tena, ikalia kwa hasira, na hakuna pembe iliyotikisika. Mashetani wote wakainama, kwa pamoja, mbele ya mtu aliyekuwa amewaua ndugu zao kwa miaka yote ile, huku akiiba muda kidogo kidogo kwa ajili yao. Wengine walikuwa wanalia. Mzee naye akainama, goti likalia, akainua fimbo akaanza kutaja pigo, ingawa ilikatazwa. "Pigo la Mzee Aliyekuwa Anakwenda Sokoni Kununua Chumvi," akaanza taratibu, "Akakutana na..."

Hatukujua alikutana na nani. Mheshimiwa alikuwa amesimama jukwaani akipunga kitambaa, na Jabu akaelewa. Alikuja kwa nyuma akamchoma mgongoni, ncha ikatokea tumboni ikiwa na uzi wa kanzu. Akauchomoa akamkata tena, na tena, mtu aliyekwisha kuanguka, mpaka zile nywele nyeupe zikawa nyekundu mpaka kwenye mizizi. Kule juu ya winchi Bwana Brandeli alikuwa amepagawa kwa furaha. Mtoto amemuua baba mwenyewe! Hili hata yeye hakulifikiria. Akampigia kelele Jabu alie, alie sasa, amtazame baba yake alie.

Jabu alijaribu. Alikunja uso, akafikiria simu yake. Kisha akacheka.

Sikutangaza chochote. Nilisikia makofi mawili, nikasikia sauti ya dada yangu, si kubwa, ile ile anayomwambia mteja ageuze kichwa.

"Juu. Chini. Katikati."

Jabu alikuwa na kipaji, nimekwisha kusema. Aliyemfikia kwanza alipasuliwa kutoka kidevuni mpaka kitovuni. Wa pili alipoteza taya. Sikitu aliinua mkono kukinga uso, na vidole viwili vya msusi vikabaki kwenye nyasi. Nilipiga ukelele ambao dunia nzima iliusikia kwa kuwa nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Lakini kijana alikuwa amefunzwa kumkata aliye mbele yake, na sasa waliokuwa juu walikuwa juu yake, na waliokuwa chini wamemshika miguu, na wa katikati walikuwa wanaingia ndani ya mikono yake. Walimpiga kwa pembe. Pembe za mpira haziui haraka, ilichukua muda, na Jabu aliomba kwa majina ya shangazi wote. Waliponyanyuka, hakuna aliyeweza kusema lile lilikuwa nini kabla.

*

Hapo jeshi likaitwa.

Jeshi letu ni shupavu, hilo nitalisema popote. Liliingia kwa lango la kusini, kikosi kizima, panga zinameta. Likajipanga foleni. Askari wa kwanza akatoka mbele ya wenzake, akawainamia mashetani kwa heshima, akawavamia peke yake. Walimzunguka wakamlaza. Wenzake walikuwa wanatembea polepole pembeni, wakitikisa panga na kunguruma kidogo. Kisha wakanitazama mimi kule juu. Walikuwa wanasubiri nitangaze anayefuata.

Nilikunywa chai yangu. Ilikuwa imepoa.

Askari wa pili akajitokeza mwenyewe kwa ushujaa, akainama, akalazwa kwa upanga wa yule wa kwanza. Wa tatu naye. Kapteni alipiga kelele wavamie wote, nao wakamkumbusha kwamba Amri ya Kusimamisha Zamu iliwahusu mashetani tu. Alikuwa mtu wa sheria, akasogea kwenye nafasi yake. Nyasi za pale langoni ziliteleza kwa damu hata anayeinama alikuwa anaanguka kabla ya kuguswa. Mwishowe waliosalia walitazama mbele wakaona zamu zao zinakaribia, wakatazama nyuma wakaona lango liko wazi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Asubuhini foleni ikageuka.

Jukwaa la wakubwa lina mlango mmoja mwembamba, ulijengwa hivyo ili wasiingie wasiostahili. Shangazi walikuwa wamekwama humo. Mheshimiwa alibaki nyuma yao, na alipogeuka, mashetani walikuwa wamepanda ngazi, wametapakaa kwa upana wote, wameshikana kama walivyofundishwa.

"Zamu," akasema Mheshimiwa. "Jamani, fuateni zamu. Mmoja mmoja. Nasi ni watu, tuna utamaduni wetu."

Mashetani wakasimama. Ni watu waliolelewa vizuri, ukiwakumbusha adabu wanaona haya. Wakajitenga, wakampisha Sikitu. Alikuwa ameufunga mkono wake kwa kipande cha ile kanzu ya Baba, kikiwa bado na kinasa sauti chake, na mkono mwingine ulishika upanga wa Mzee Shomvi. Akainama. Mheshimiwa naye, kwa mazoea ya maisha yake yote, akainama. Alipoinuka nilimwona amepata matumaini fulani, maana si mjinga, alikuwa ametazama Mchezo kwa miaka mingi na alijua watu walikuwa wanaishi kwa njia gani.

"Taja pigo," akasema. "Ni haki yangu kusikia jina. Litaje kwa ukamilifu, binti yangu, usifupishe."

Dada yangu akauinua upanga.

"Pigo la Kibwe Mwinyihaji," akaanza, "Aliyefundisha Watoto Ramani, na la Mtumweni Fundi Cherehani, na la Tatu Binti Ngwali Aliyekohoa Wimbo wa Taifa Unapigwa..."

Alikwenda taratibu, akimpa kila mmoja pumzi yake. Bwana Brandeli alikuwa bado juu ya winchi, hakuna aliyemkumbuka wala wa kumshusha, na alikuwa akipiga kelele kwamba jina ni refu mno, afupishe, wanunuzi hawana subira. Kengele ilikuwa ikilia mfululizo tangu Jabu aanguke. Sikitu alipofika kwa yule mtu wa ndoo, ambaye jina lake walimuuliza mwenzake wa seli, ikalia mara moja zaidi ikanyamaza. Nadhani kule mbali walikuwa wameweka vidude vyao chini.

Mheshimiwa alisubiri wima, jasho linamtiririka ndani ya magwanda, akiomba jina liendelee. Liliendelea. Jua liligusa mlingoti wa bendera, wakati ambao kila Jumamosi mimi hufunga Mchezo. Akanitupia macho. Sikufunga.

Kuna mahali dada yangu alikwama. Aliwajua aliofungwa nao, lakini wa nyuma yao, wa kabla hajavishwa pembe, hakuwajua. Upanga ulikuwa mzito kwa mkono mmoja, ukaanza kushuka. Akainua uso akatazama kibandani kwangu.

"Kaka," akasema, "kabla ya hao, alikuwa nani?"

Mimi ndiye niliyewatangaza wote, mmoja mmoja, kila mtu jina lake na la baba yake. Nikasogeza kikombe pembeni, nikavuta kipaza sauti, nikaanza kumwambia.